Jiwe la Utulivu

Msimamizi alimwekea fundi jiwe la zambarau mkononi.

"Lishike dakika tano kila asubuhi, dada. Linatuliza moyo, linakusanya mawazo. Utaacha kugombana na watu."

Fundi alikuwa ameng'arisha mawe hayohayo kwa miaka tisa. Hakuwa amegombana na mtu. Aliomba barakoa, na maji ya kulaza vumbi, na ombi lake lilikuwa na miezi minane sasa. Wiki iliyopita shoga yake wa benchi la pili alirudishwa kwao, kifua kimekwisha, hawezi kupanda hata ngazi tatu.

Kando ya msimamizi alisimama mgeni aliyekuja kununua mawe, mama mpole, amevalishwa barakoa mpya.

"Mna bahati nyinyi," mgeni akapaza sauti ili asikike juu ya kelele za mashine. "Kushinda na utulivu wote huu."

Fundi akatazama kiganja chake. Vumbi jeupe lilikuwa limejaa kwenye mikunjo kama unga. Akaitazama ile barakoa ya mgeni.

"Kumbe zipo," akamwambia msimamizi.

Akaenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Mashine zote zikazima. Msimamizi akaanza kumkemea, lakini mgeni akamwinulia mkono anyamaze, kwa kuwa sasa alikuwa anasikia vikohozi, benchi baada ya benchi, hadi mwisho wa chumba.