Koo la Mtoto

Fundi cherehani alisimamisha mashine katikati ya mshono. Binti yake alikuwa amesema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, koo linaniuma. Hata mate hayapiti."

Fundi mwenyewe alipokuwa mdogo aliumwa koo hivyohivyo, akaambiwa asukutue maji ya chumvi. Koo lilipona, ila ugonjwa ukamshukia moyoni na kuuharibu. Tangu hapo, hata ngazi fupi humtoa jasho.

Aliliacha gauni la bibi harusi likining'inia, akambeba mtoto mwenye homa mgongoni na kuukabili mlima wa zahanati. Kila baada ya hatua chache alishika ukuta wa nyumba ya watu, akihema, midomo imepauka.

"Nishushe nitembee, mama."

"Tulia hapohapo."

Daktari alikisikiliza kifua cha mtoto kwa muda mrefu, kisha akatabasamu. "Moyo wake mzima kabisa. Sindano hii itamaliza ugonjwa hukohuko kooni. Umemuwahi, dada."

Akamvutia kiti. "Sasa nisikie na wako."

Mama aliketi, mkono kifuani, akacheka kwa tabu. "Wangu bado uko njiani, daktari. Unapanda mlima."