Mkia wa Mkuu wa Chuo

Wanyama nao walikuwa na chuo kikuu, na elimu ilikuwa imewapanda kichwani. Bwenini mwenye miiba alikuwa Nungunungu peke yake, na kila asubuhi aliukuta mlango wake umepakwa kinyesi na kuandikwa: "Wenye miiba, rudini kwenu." Akaenda kwa mkuu wa chuo, Tausi, aliyeupenda mkia wake kuliko wanafunzi wote.

"Uchunguzi unaendelea, binti yangu," alisema Tausi. "Kwa usalama wako, hama bweni."

"Nihame mimi? Mitihani hiyo imefika, nikasomee wapi?"

"Popote utakapojiona salama. Sisi hapa ni familia moja."

"Ahsante, baba. Basi nahamia kwako."

Tausi alitaka kukataa, lakini wageni aliokuwa nao ofisini walikuwa wamesikia. Jioni Nungunungu akafika, godoro limenasa miibani, akapewa chumba cha mbele.

Nyani, ambaye hakuwa na adabu ya kuuliza nyumba ni ya nani, alimfuata huko huko usiku na kinyesi chake. Asubuhi Tausi akatoka kwa madaha, na mkia wake ukaufagia mlango mzima. Yowe lake lilifika madarasani. Kabla ya chai, Nyani alikuwa ameshafukuzwa chuo.

"Umemjuaje upesi hivyo, baba?" aliuliza Nungunungu.

"Nani asiyeijua kazi ya Nyani? Si mwaka mzima anapaka!"

"Kumbe uchunguzi ulikuwa unausubiri mkia wako," alisema Nungunungu, akajitwika godoro lake, akarudi bwenini kusoma.

Mkia wenyewe, wanasema, hadi leo unafuliwa.