Kioo cha Tai na Mayai ya Kanga

Zamani nyani walipogombana na ndege, walifunga mawe kwa nyasi kavu wakayarusha kwa mti uliopindwa. Mafurushi yalivuka bonde na kuangukia viota. Mama Kanga alichoka kukimbia. Akayahamisha mayai yake, moja moja, hadi kichakani jirani na nyani.

"Hakuna anayejirushia mawe nyumbani kwake," alisema.

Kesho yake Tai, asiyejua habari hiyo, alipaa na kipande cha kioo. Furushi lilipoanza tu kupanda, akalimulika kwa mwanga wa jua, akatulia hewani bila kutikisika mpaka nyasi zikaungua. Furushi likafumuka, mawe yakaanguka karibu na lilikotoka.

"Tumeshinda!" alipiga kelele. "Hakuna jiwe hata moja lililovuka bonde!"

Ndege wote walishangilia. Mama Kanga akaja mbio, miguu imelowa ute wa mayai.

"Baba Tai, umesema tumeshinda?"

"Tumeshinda, mama."

"Sasa mayai yangu yote kule kichakani yamevunjwa na nani? Na nyani, au na wewe?"

Tai alikigeuza kioo huku na huku, kana kwamba jibu limeandikwa nyuma yake.