Shimo la Gereji

Kambale alitoa ndevu zake nje ya maji, ndani ya shimo la gereji, akazipitisha taratibu juu ya spana mpya zilizopangwa kwenye ngazi.

Siwema alimtazama samaki, kisha akamtazama mumewe. Bonde zima, kutoka Mlimba hadi Ifakara, watu huinua ghala juu ya nguzo kuyakimbia maji ya masika. Huyu alilibomoa la mkewe ili apate pa kujenga gereji, kisha akachimba shimo la kuyakaribisha.

"La kuingilia chini ya gari," alimwambia kiangazi kile, kama anayefundisha mtoto. "Mambo ya ufundi hayo, huyawezi."

Tangu hapo fundi mwenyewe hajawahi kuchafua hata ukucha.

Gari lenyewe, la kabla ya vita vya Mjerumani, lilikaa juu ya magogo, kavu kabisa. Viti vyake vya ngozi vilikuwa vimepakwa mafuta vikang'aa. Hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia.

Maji yalianza kuvuka kizingiti cha nyumba, na mpunga wa mwaka mzima ulikuwa kwenye magunia sakafuni.

"Nisaidie kuokoa jeki!" mumewe alipiga kelele, suruali kaikunja hadi magotini.

"Jeki si ya kuinulia vitu? Basi ijiinue."

Siwema aliingia nyumbani, akarudi na gunia la mpunga kichwani, akafungua mlango wa gari.

"We mwanamke! Kiti cha ngozi hicho!"

Alilibwaga kitini, akaliweka sawa kama abiria wa heshima.

"Lete jingine, bwana fundi."