Karanga za Darasa la Tano B

Kalamu nyekundu ya mwalimu Zakaria ilisimama juu ya karatasi ya yule msichana ambaye, mwanzo wa mwaka, yeye mwenyewe alimtoa darasani kwake na kumsukumia tano B, akisema kichwa chake ni boga.

Pale shuleni kwao Wamaza, kila mtihani walimu hubadilishana karatasi, kila mtu asahihishe za mwenzake. Na sasa majibu ya boga yalikuwa sawa yote. Pembeni ya kila jibu alikuwa amechora mafungu ya karanga, akayagawa kwa mistari.

Zakaria aliona wivu. Mwalimu wa B, dada aliyekuja juzi tu, aliwagawa watoto wake makundi matatu: wepesi na kitabu, wa katikati na ubao, wazito na karanga za kuhesabu mikononi. Msichana hakufuata kanuni ya ubaoni. Angempa sifuri, nani angebisha?

Ncha ya kalamu ilikuwa imeshaacha nukta nyekundu. Akaandika ishirini juu ya ishirini, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha akaenda mlangoni pa B, akijitia hana haja.

"Dada, hizi karanga unazitoaga wapi?"

"Kwako nyumbani, mwalimu. Mke wako anatuletea kila Jumatatu." Dada akashusha sauti. "Alisema alikupatia wewe kwanza, za darasa, ukazikula."