Nyayo za Shamte

Siwema alijisifu kuwa hana chembe ya wivu, ila tangu mumewe Shamte arudi kutoka msibani asubuhi ile, shati lake alishalinusa mara tatu. Sasa walikuwa njiani, Shamte akiendesha, na maswali ya Siwema ndiyo yaliyoyumbisha gari, askari wa barabarani akawasimamisha.

“Umekunywa, mzee?”

“Sijaonja, afande.”

“Haya, tembea juu ya mstari huu mweupe. Vua viatu na soksi, usije ukavisingizia.”

Shamte alibembeleza, wapi! Akavua. Akatembea bila kupepesuka, mkewe akajaa fahari, mpaka alipoziona nyayo zake: zimekolea hina mpya, kama za bwana harusi.

“Baba Salha,” aliita kwa upole, “hina walikupaka kabla ya mazishi, au baada ya hitima?”

Shamte alisimama, mguu mmoja juu, na sasa ndipo akaanza kuyumba.