Mifano ya Kwetu

Sura ya pili haikuwamo. Mwalimu Kerrow alilipekua jalada mara tatu pale mezani katika ofisi ya elimu, kana kwamba kurasa kumi na moja zingeweza kujificha kati ya mbili. Karani Yarrow alimtazama kwa huruma.

"Iko kwa meja wa kambi ya jeshi," alisema. "Aliiazima Jumatatu."

"Meja anasoma uchumi?"

"Siku hizi anasoma sana, mwalimu."

Ulikuwa mwaka 1966, vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vimeingia mwaka wa tatu, na shule ya Kerrow pale Garissa ilikuwa imeahidiwa kidato cha tano kwa sharti moja: mtaala wa uchumi uandikwe upya. Ule wa zamani ulikuwa kichekesho. Vijana waliokulia nyuma ya ngamia walikaririshwa bei ya makaa ya mawe ya Uingereza. Mkaguzi wa elimu alimkabidhi Kerrow kazi hiyo, akamtaka atoe mifano ya kwetu. Kerrow alifurahi kupita kiasi. Alidhani ameheshimiwa.

Basi akaandika. Sura ya kwanza, uhaba: mvua na malisho. Sura ya pili, mgawanyo wa rasilimali: kisima cha Hara Adi wakati wa kiangazi, nani hunywesha siku gani, ngamia wangapi, wanapita njia ipi. Rasimu zilirudi na wino mwekundu pembeni. Vizuri sana. Ongeza majina ya mahali. Ongeza siku.

Alhamisi habari ikafika sokoni. Askari walikuwa wamefika Hara Adi siku ya zamu ya kundi kubwa kuliko yote. Ngamia mia mbili walipigwa risasi, pamoja na wanaume sita waliokuwa wakiwatekea maji. Watu walijiuliza nani aliyewauza wenzao, wakaanza kutaja majina ya watu wasio na hatia. Kerrow alilipia majani yake ya chai akaenda zake.

Kilichomtia hofu zaidi ni sura ya tatu. Ilihusu gharama za uzalishaji, na kwa ajili yake, mwezi mmoja nyuma, alikuwa amesafiri hadi upande wa Ijara kwa mjomba wake Olow, ambako mama yake pia aliishi. Olow alikataa kumtajia maji yao. Huko kisima hatajiwi mtu asiyekuja na mifugo. Lakini mtoto wa dada hanyimwi, naye Kerrow alimsihi mchana kutwa mpaka mzee akachoka.

"El Sagal, Abti," Olow alisema mwishowe, maana kwao mjomba na mpwa huitana jina hilohilo. "Ila sipendi uandike."

Kerrow aliandika daftarini mbele yake, tena kwa mwandiko mzuri.

Sasa mkaguzi alimwita ofisini. Kando yake aliketi mwanamume mwenye magwanda ambaye hakujitambulisha. Mkaguzi aliongea kwa upole mtupu. Alisema kuna shule nyingine zinazokitaka hicho kidato cha tano. Alisema pia kwamba mwalimu anayeficha habari za watu wake, siku moja ataulizwa anaficha kwa nini. Sura ya tatu iwe mezani Jumamosi.

Kukataa kusingesaidia kitu. Wangemfunga, na daftari wangelipata tu. Kwa hiyo Kerrow alifika nyumbani, akachana ukurasa wa El Sagal, akautia kwenye jiko na kusimama hapo mpaka ukawa majivu. Kisha akaandika sura ya tatu upya, juu ya El Bisik.

El Bisik ni kisima kilichoporomoka Kerrow akiwa bado mtoto. Hakuna aliyenywesha pale kwa miaka ishirini, na kiko mwendo wa siku nzima kutoka El Sagal. Kerrow alikipa ngamia mia tatu. Akaweka zamu, idadi ya watekaji maji, hata gharama ya kutengeneza birika la kunyweshea. Akamalizia kwa maswali manne ya zoezi. Lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kuandika, na ndani yake hakuna neno hata moja la kweli. Mkaguzi hakuongeza wino wowote.

Jumanne malori tisa ya jeshi yalipita mbele ya shule kuelekea Ijara. Kerrow alikuwa darasani. Vumbi lilipotulia akawatania wanafunzi, jambo ambalo hawakuwa wameliona kwa majuma. Mchana alikula sahani mbili za wali. Waende wakaupige risasi mchanga.

Jumatano, dada yake Maka alifika langoni pa shule, visigino vimepasuka kwa mwendo wa siku tatu. Kerrow alimkimbilia akitarajia mabaya, lakini Maka alikuwa anatabasamu. Alileta salamu za mama. Mjomba hakuwa na kinyongo naye, alisema, ila Kerrow angepaswa kujua, hata kama amelelewa na shule za bweni: maji yakishatajwa kwa mtu mwenye kalamu, watu hawakai hapo tena. Walihama siku ileile aliyoondoka, wote, na kila mnyama.

Kerrow alikaa chini palepale mchangani, akalia mbele ya wanafunzi bila haya. Kwa hiyo hata angeandika ukweli, wasingekuta mtu El Sagal. Alimshukuru Mungu, akaushika mkono wa dada yake, akamuuliza wako wapi sasa.

"Usiwe na wasiwasi, walaal, ndugu yangu, tuko mahali ambapo hakuna atakayefikiria kututafuta," Maka alisema. "Abti na vijana wamekifukua kisima upya, na maji yake ni matamu. Tuko El Bisik."